Uzi wa vitu vidogo: umekuta nini nyumbani ambacho hakina bei kwa mtu mwingine yeyote?

Mpekuzi Mstaarabu (mtoa mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Leo naomba tuweke siasa na mpira kando kidogo.

Nataka tuongelee vile vitu ambavyo mgeni akiviona atauliza "mbona hamjatupa hiki?", ilhali wenyewe wa nyumbani mnagombania kukishika. Ufunguo wa nyumba mliyohama zamani. Daftari la mama la madeni yaliyokwisha kulipwa. Kifungo cha koti la babu, koti lenyewe halipo. Na si vitu tu, hata yale matukio ya dakika mbili: mdogo wako kacheka mpaka kakaa chini, mzazi kakuita kwa jina la utani ulilodhani keshalisahau.

Kilichonisukuma ni hiki. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tunapanga kabati la marehemu baba. Vyeti, hati, albamu ya harusi, vyote vilikuwa palepale tulipovijua, tukavipitisha mkono kwa mkono bila neno. Halafu dada akachomoa bahasha iliyokwisha kutumika, imekunjwa mara nne. Nyuma yake, kwa kalamu ya risasi, kwa ule mwandiko wake wa kulalia kushoto, imeandikwa:

"Balbu ya ukumbini. Viatu vya mdogo, kisigino. Kumuuliza mama yao kuhusu Jumamosi. Kulala mapema."

Hilo la mwisho kalipigia mstari mara mbili. Tarehe hakuna. Kazi ya kupanga ikafia hapo. Kuhusu Jumamosi nini? Mama mwenyewe hakumbuki. Kaka anasema viatu vilikuwa vyake, mimi nasema vyangu, na ubishi huo ndio uliokuwa raha ya siku nzima.

Nikajiuliza kwa nini bahasha imeishinda albamu ya harusi. Nadhani ni kwa sababu ile albamu ilitengenezwa ili tuione. Tumeiona, tumeizoea, watu wote wamesimama wima kama wanasubiri hukumu. Bahasha haikumkusudia mtu. Baba hakujua kwamba kuna siku tutaisoma, ndiyo maana yumo mle alivyokuwa hasa, mtu aliyechoka na anayetaka kulala.

Kuna utafiti unaogusa jambo hili. Ting Zhang na wenzake wa Harvard waliuchapisha mwaka 2014 katika jarida la Psychological Science. Waliwaomba wanafunzi 135 waandike mambo ya kawaida ya wakati ule: mazungumzo ya karibuni, nyimbo tatu walizokuwa wakisikiliza, utani wanaouelewa wao na marafiki zao tu, hafla ya mwisho waliyokwenda. Wakaulizwa watakuwa na hamu kiasi gani ya kuyasoma baada ya miezi 3. Muda ulipofika, hamu ikawa kubwa kuliko walivyokisia. Katika sehemu nyingine ya utafiti huohuo, watu wenye wapenzi walieleza siku ya kawaida na Siku ya Wapendanao, kisha wakapewa wasome tena walichoandika baada ya muda. Makisio yalikosewa zaidi kwenye ile siku ya kawaida.

Kwa hiyo nasema hivi, anayetaka kupinga apinge: tunahifadhi vitu visivyo. Harusi na mahafali vitajihifadhi vyenyewe, watu wote wana picha zake. Kinachopotea ni Jumanne.

Haya, tupieni vya kwenu.

---

Kitinda Mimba

Mtoa mada, nakubaliana nawe, ila usiidharau albamu. Ya kwetu ina siri.

Kaka mkubwa ana picha akiwa mchanga, akikaa, akitambaa, akilia, akinyamaza. Wa pili naye hana shida. Kuanzia wa tatu picha zinaanza kupungua. Mimi ni wa sita. Picha yangu ya kwanza inayojulikana niko darasa la kwanza, pembeni kabisa, sikio moja limebaki nje ya fremu.

Sasa siku moja nikawa naangalia picha ya kaka akiwa na mpira uani. Nyuma yake kwa mbali kuna dirisha, na dirishani yupo mama kabeba kitu kimefunikwa kitambaa cheupe. Nikampelekea. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ni wewe huyo."

Nimeikuza picha ile mpaka imebaki madoadoa. Shangazi anasema ule ni mto, mama alikuwa anaanika mito. Nimeitia kwenye fremu hivyohivyo. Mama kasema ni mimi, basi ni mimi.

---

Baba Mapacha

😂😂 Kitinda Mimba, mto wenye namba ya sita!

Kwetu ni fremu ya mlango wa chumba cha watoto. Kila baada ya muda nawapima urefu, naweka mstari na tarehe. Mke wangu alitaka mlango upakwe rangi, nikamwambia rangi atapaka siku nikiwa sipo.

Mapacha wenyewe wanashindana balaa. Safari moja nilimpima wa kwanza asubuhi kabla hajaenda shule, wa pili nikampima jioni. Tofauti ikaonekana, aliyeshindwa akalia, akasema mwenzake kapendelewa. Nikadhani ni maneno ya kitoto tu, kumbe ana hoja. Mwili wa binadamu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni, karibu sentimita 1, kwa sababu zile sahani laini zilizo katikati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa na uzito kadiri tunavyosimama na kutembea, kisha usiku zinarudi. Tukapima upya, wote asubuhi, wote pekupeku. Wakatoka sawasawa. Sasa wananuna wote wawili, maana kila mmoja alitaka kushinda.

Ushauri wangu kwa wazazi: pimeni saa zilezile, na msiandike tarehe pekee. Mimi naandika na neno moja la siku hiyo. "Jino." "Homa." "Kajifunza kupiga mluzi." Ukipita mlangoni unasoma miaka.

---

Mama wa Zamu

Naomba niongezee kutoka upande wangu. Nafanya kazi wodi ya wazazi, na kliniki ya watoto pia nimekaa sana.

Kuna furaha moja ambayo wazazi hufika nayo kliniki kabla hata hawajakaa kwenye benchi: "Sista, amenicheka!" Mtoto mchanga hutabasamu tangu siku za mwanzo, hasa akiwa usingizini, lakini lile ni la mwili tu, midomo inajivuta yenyewe. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 ndipo linapokuja tabasamu la kukujibu. Anakutazama machoni, anakutambua kwamba kuna mtu, anafungua mdomo wote ufizi unaonekana. Kwa wazazi wengi linafika pale ambapo usingizi umewaishia kabisa na mtu anaanza kujiuliza kama ataweza. Nimeona baba mtu mzima, mwili wa kutisha, ananionyesha simu yake yenye video ya ukungu mtupu, anasema "subiri, subiri, hapa, umeona?" Sikuona kitu. Nikamwambia nimeona.

Na jambo la pili, ambalo mtoa mada kaligusa bila kulitaja. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ni ya umri wa miaka 3 au 3 na nusu hivi. Ya kabla ya hapo yamekwenda. Maana yake ile miaka ya mwanzo ya mwanao, anavyokushika kidole, neno lake la kwanza, jinsi alivyokuwa anaogopa ndevu za mjomba, mwenyewe hatakuwa nayo hata chembe. Iko kwako tu. Usipomsimulia, au usipoandika, basi.

---

Jicho la Pembeni

Samahanini, mimi nitawaharibia shughuli kidogo.

Haya mazungumzo ya "furahia vitu vidogo" mara nyingi huletwa na aliyeshiba. Mtu anadaiwa kodi ya nyumba, kazi haieleweki, mgonjwa yuko ndani, halafu unamwambia afurahie bahasha? Huko nje kuna biashara nzima ya kuuza madaftari ya shukrani. Andika mambo matano kila usiku, maisha yatabadilika. Niliyaandika. Ilifika mahali najaza ili ukurasa uishe: "nimepumua", "jua limechomoza".

Pili, hawa wanaotaka kuhifadhi kila kitu ndio haohao hawapo kwenye tukio lenyewe. Mtoto anapiga hatua ya kwanza, baba kajificha nyuma ya simu anatafuta pa kubonyeza.

Kwa hiyo mimi bado sijashawishika.

---

Mpekuzi Mstaarabu

Jicho la Pembeni, karibu, uzi bila mpinzani haunogi.

La kwanza: sijasema furaha ndogo inalipa deni. Baba aliyeandika ile orodha alikuwa na madeni, nayajua kwa sababu daftari lake tumelikuta pia. Sijui kama siku ile alikuwa na furaha hata kidogo. Ninachosema ni kwamba siku yake ya kawaida, yenye balbu iliyoungua na kiatu kilichobomoka, kwetu sisi imegeuka kuwa kitu kizuri kuliko vyote tulivyovikuta kabatini. Hapo hakuna sharti la kushiba.

La madaftari ya shukrani, hapo una hoja nusu. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio yao. Katika mojawapo watu waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano ya kushukuru. Wakajiona wana hali nzuri kuliko wale walioandika kero zao. Lakini Sonja Lyubomirsky na wenzake, mwaka 2005, walieleza jaribio la wiki 6 ambalo walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, walioandika mara tatu kwa wiki hawakunufaika. Ikishakuwa kazi ya nyumbani, ladha inakwisha. Wewe uliandika kila usiku, ungeacha kuishiwa?

Mimi hata shukrani siandiki. Naandika kilichotokea. "Mjomba kapiga simu kuuliza kama nimelipwa, kumbe alitaka kusimulia ndoto." Sijashukuru chochote hapo, ila nikikisoma mwakani nitacheka.

La simu, nakuachia. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield aliwazungusha watu kwenye jumba la makumbusho, vitu vingine wavipige picha, vingine wavitazame tu. Kesho yake walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha. Ila aliwaambia wengine wavute kamera karibu kwenye sehemu moja ya kitu, na hao kumbukumbu yao haikuathirika. Mimi nimechukua somo hilo: picha moja, ya kitu kimoja, kisha simu mfukoni. Sipigi tena picha ya familia nzima imejipanga. Napiga picha ya mikono ya mama akikunja nguo.

---

Mshika Mwavuli

Mimi yangu ni ya sekunde chache na haihifadhiki popote. Ardhi imekauka muda mrefu, halafu matone ya kwanza yanadondoka, ile harufu inapanda. Popote ninapokuwa nasimama.

Wanasayansi wawili, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliiandikia makala kwenye jarida la Nature mwaka 1964. Ni mafuta ya mimea yaliyonywewa na udongo na mawe wakati wa ukavu, pamoja na geosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa ardhini. Pua ya binadamu inaikamata geosmini hata ikiwa chembe chache tu katika trilioni. Yaani kwa harufu hii moja tuna pua kali ajabu.

Kwetu likinyesha tone la kwanza baba anatoka nje bila kusema kitu. Na sisi tunatoka. Tunasimama wote mlangoni, hakuna anayeongea, mpaka mama apige kelele kuhusu nguo zilizoanikwa.

---

Kalamu ya Risasi

Nimekuwa nasoma kimyakimya, lakini kuna watu humu wataharibu vitu vyao kwa mapenzi, kwa hiyo acha niseme. Kazi yangu ni utunzaji wa nyaraka.

Mtoa mada, una bahati baba alitumia kalamu ya risasi. Ile ni kaboni, mwanga hauifubazi. Wino wa kalamu nyingi za kawaida unafifia. Kitakachoisumbua bahasha ni karatasi yenyewe, maana karatasi za bei rahisi zina asidi, zinageuka rangi na kuvunjika kwenye mikunjo. Ikunjueni taratibu, iwekeni bapa ndani ya jalada lisilo na asidi, mahali pakavu, pa giza, mbali na dari lenye joto na sakafu yenye unyevu. Mkitaka ya kutundika ukutani, pigeni picha, tundikeni nakala. Na tafadhali sana, msiifunge ndani ya plastiki ya kuyeyusha kwa joto. Hapo hairudi tena. Msitie gundi, msitie utepe wa kunata, msitie pini. Pini inapata kutu na kutu inakula karatasi.

Risiti: kama umehifadhi risiti ya siku maalumu, ile ya mashine, ujue haina wino. Ni karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto, na maandishi yake yanafutika yenyewe, haraka zaidi ukiiweka ndani ya mfuko wa plastiki au juani. Watu wanakuja kwangu na karatasi nyeupe tupu. Ipige picha leo.

Nyuma ya picha: hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza kila kitu. Picha ipo, waliomo hawajulikani. Lazeni picha kifudifudi juu ya kitu kigumu kisafi, andikeni pembeni, kwa risasi laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino inakandamiza na alama yake inatokea upande wa mbele kwenye uso wa mtu. Picha zenye mgongo wa plastiki unaoteleza hazikubali risasi, hizo zinahitaji kalamu maalumu ya wino usiofifia, na uache ukauke kabla ya kupanga picha juu yake. Andikeni majina kamili. "Mama" si jina, kila anayesoma ana mama yake. Kama mwaka hamna uhakika nao, andikeni "takriban". Na andikeni nani alipiga. Yule mtu hayumo kwenye picha hata moja, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akiipenda familia ile kuliko wote.

Albamu zile za kurasa za kunata: gundi yake inageuka njano na kung'ang'ania. Picha ikigoma kutoka usivute. Kwanza ipige picha ikiwa palepale, kisha pitisha uzi wa kusafishia meno nyuma yake polepole, kama unakata.

---

Baba Mapacha

Uzi ndani ya uzi. Mkuu, nimeshapiga picha risiti ya hospitali ya siku waliyozaliwa. Imebaki tarehe na nusu ya jumla. Umeniwahi.

---

Sina Makuu

Kalamu ya Risasi, nina swali, ila lina maelezo yake.

Mama yangu hajui kuandika meseji, hutuma sauti. Na sauti zake hazina mwanzo wala mwisho. Anaanza kwa kukohoa, anauliza "imewaka?", kisha anamjibu mtu aliyeko chumbani ambaye mimi simsikii, ndipo ananikumbuka. Zamani nilikuwa nazifuta nikishasikiliza, simu ijae bure ya nini.

Kuna moja alisahau kuizima. Amemaliza salamu zake, kaweka simu mezani, ikaendelea kurekodi. Kwa dakika nyingi unasikia nyumba tu. Viti. Redio kwa mbali. Anaimba kipande cha wimbo, anakatisha, anamgombeza paka. Anamwita paka kwa jina langu! Kumbe paka mpya amempa jina langu na hakuniambia. Nikampigia. Akakataa katakata. Nikamchezea sauti. Akanyamaza, halafu akasema, "Na yeye haji nyumbani mpaka aitwe."

Tangu hapo sifuti. Zote naziweka mahali pamoja.

Sasa swali. Mjomba kanipa kanda ya kaseti, anasema ina sauti ya bibi, mama yake mama, ambaye mimi sikumkuta. Sijaigusa. Naogopa ikinaswa kwenye mashine imekwisha. Nifanyeje?

---

Kalamu ya Risasi

Umefanya vyema kutoigusa. Fuata hivi.

Kwanza angalia ubavu wa juu wa kaseti, ule mkabala na upande ambapo utepe unaonekana. Kuna vijino viwili vidogo vya plastiki. Kama vipo, vivunje. Kaseti isiyo na vijino hivyo mashine inakataa kurekodi juu yake, kwa hiyo hata ukikosea kubonyeza, sauti ya bibi haitafutika. Tangu kampuni ya Philips ilipoitoa kaseti mwaka 1963, watu wamefuta vitu vingi vya thamani kwa kidole kimoja.

Pili, tazama utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe, ukungu, au utepe umekunjamana, usiendelee, mpelekee fundi wa kanda. Ukiwa safi, tafuta mashine inayofanya kazi vizuri na uijaribu kwanza kwa kaseti usiyoijali. Safisha kile kichwa cha kusomea kwa pamba na spiriti safi, subiri kikauke. Peleka kanda mbele mpaka mwisho, irudishe mpaka mwanzo, ili utepe ujipange usibane.

Tatu, usiicheze kwa majaribio "nisikie kidogo tu". Mara ya kwanza kuicheza iwe ndiyo unayonakili kwenye kompyuta. Kisha nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kaseti yenyewe itunze imesimama, mbali na joto na spika.

---

Sina Makuu

Nimevunja vijino. Mikono inatetemeka, lakini nimevunja. Ya fundi na mashine nitawapa mrejesho.

---

Mwalimu wa Jioni

Uzi mtamu. Ila naona wote mnasubiri kukuta vitu. Wenye vitu wengine bado wapo hai, kwa nini msiwaulize?

Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya ndiyo au hapana kwa ajili ya watoto. Je, unajua wazazi wako walikutanaje? Unajua mama alikulia wapi? Unajua jina lako lilitoka wapi? Unajua kisa cha siku uliyozaliwa? Waliyatumia mwaka 2001. Watoto waliojua majibu mengi zaidi walikuwa pia wanajithamini zaidi na kuamini kwamba maisha yao wanaweza kuyaelekeza wenyewe. Duke mwenyewe ameonya kwamba kumkaririsha mtoto majibu hakutoshi. Kwake, kazi inafanywa na kule kukaa pamoja mara kwa mara, mmoja anasimulia, mwingine anamkatiza, mwingine anasema "haikuwa hivyo".

Kwa hiyo Jicho la Pembeni, hili halihitaji daftari wala simu wala shibe. Wazazi wako wapo? Swali la kwanza ni bure.

---

Jicho la Pembeni

Wapo wote wawili. Na ninajua walikutanaje, tumeshaambiwa tangu utotoni. Lakini sawa, kesho niko kwao, nitauliza ili niwafunge mdomo.

---

Kitinda Mimba

Naweka kigoda.

---

Mama wa Zamu

Na mimi nimo, zamu yangu inaisha alfajiri.

---

Jicho la Pembeni

Haya, nimerudi. Sijui nilaumu nani.

Nimeuliza tukiwa mezani. Baba akasimulia ile tuliyoizoea: alimwona mama kwenye msiba wa rafiki, akamwazima mwavuli, akaufuata mwavuli kwao wiki iliyofuata. Sote tunaijua. Akamaliza, akatabasamu, akataka kuendelea kula.

Mama akaweka kijiko chini. Akasema, "Ule mwavuli ulikuwa wangu."

Kumbe kwa mujibu wa mama, yeye ndiye alimwazima baba, kwa sababu baba alikuja msibani na shati moja jembamba na alikuwa anatetemeka. Na wiki iliyofuata baba hakufuata mwavuli, aliurudisha, tena ukiwa na waya mmoja umevunjika. Miaka yote hii mama amesikiliza ile hadithi na hakusema kitu, "kwa sababu hakuna aliyeniuliza mimi."

Baba akakana waya. Mama akainuka, akaenda chumbani, tukasikia masanduku yanasukumwa. Karudi na mwavuli mweusi. Waya mmoja umefungwa kwa uzi wa kushonea.

Tangu jana baba yuko nje ameuangalia ule mwavuli, anasema siyo wenyewe. Mama hamsemeshi. Dada yangu kanitumia meseji, "Nani alikutuma uulize?" Mwalimu wa Jioni, jiandae, nimewapa jina lako.